Homoni ya Chupani
Mwanangu aliyeko Marekani aliposikia baba yake halali, hakuuliza kwa nini. Alituma chupa. Angeuliza ningemweleza: hapa Cheyo, Tabora, msimu wa maembe, mwembe wa jirani umelalia paa langu la bati, na embe dodo halina saa maalumu ya kudondoka. Likigonga bati, mbwa wa mtaa mzima wanaitikia. Mbwa wakichoka, anapita kijana wa bodaboda aliyetoboa bomba la moshi kwa makusudi. Wale wa enzi za misafara walioijaza Tabora miembe waliwaza kivuli cha mchana tu. Tembe zao zilikuwa na paa za udongo, embe likianguka hakuna anayeshtuka.

Chupa yenyewe imejaa pipi laini za waridi, zinanukia stroberi. Imeandikwa melatonini. Wajukuu wakaanza kuizunguka, na hapo ndipo nilipokasirika. Hii ni homoni! Mwili huitengeneza wenyewe, kwenye tezi ndogo ndani ya ubongo, giza likiingia, ili iupashe habari kwamba usiku umefika. Na sisi giza hatujawahi kupungukiwa: jua la Tabora huzama karibu na saa moja mwaka mzima, na umeme ukikatika tunaongezewa bure.

Nikaipeleka duka la dawa, kwa mtani wangu Mzaramo. Akavaa miwani, akasoma, akacheka kwanza.

"Babu zako walibeba frasila mbili begani mpaka Bagamoyo, wakifika kambini wanakoroma. Wewe mzee leo umebeba nini?"

"Nimebeba presha," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Akanieleza kwamba mtu mzima mwenye afya akiitumia kwa muda mfupi, mara nyingi haimletei makubwa zaidi ya kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, au usingizi unaomfuata hadi mchana, jambo ambalo halimfai anayeendesha chombo. Lakini inaweza kugongana na dawa za presha, za kifafa, na warfarini ile ya kuzuia damu isigande. Ya kuitumia miaka nenda rudi, ushahidi bado ni mchache. Halafu akaniuliza kama simu naiacha nje ya chumba, kwa sababu mwanga wake huichelewesha homoni hiyo hiyo. Sikumjibu. Mtani hapewi kila kitu.

Kilichoniudhi zaidi ni habari za huko inakotoka. Uingereza huipati bila cheti cha daktari. Marekani, tangu sheria ya 1994, imewekwa kwenye kundi la virutubisho, inauzwa rafu moja na vitamini, na hakuna anayeikagua kama dawa kabla haijaingia dukani. Mwaka 2023 watafiti wa huko walipima aina 25 za pipi hizi. 22 kati yake hazikuwa na kiasi kilichoandikwa. Moja ilikuwa na zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho, nyingine haikuwa na melatonini hata chembe. Muuza asali wetu akichanganya na sukari guru tunamfukuza sokoni. Hawa wa pipi wanasafirishiwa mzigo kwa ndege.

Basi mimi nimekata shauri. Pipi hii inauambia mwili wangu kuwa ni usiku, jambo ambalo mwili unalijua tangu magharibi. Mwenye bodaboda haimwambii kitu. Nimemwandikia mwanangu atume hela ya dari.

Nawe uliyeletewa ya kwako, kama unameza dawa nyingine yoyote, pita kwanza kwa mfamasia. Na usiiache mezani: kati ya 2012 na 2021, taarifa za watoto waliomeza melatonini zilizofika vituo vya sumu vya Marekani ziliongezeka zaidi ya mara sita. Ya kwangu nimeifungia kabatini, na ufunguo naulalia.