Carina, Mjomba na Mlima Kitonga

Kwenye kadi, gari letu lina mmiliki mmoja, naye ni Baba Watoto. Nje ya kadi ni mali ya ukoo. Ni Carina Ti, namba B, rangi ya fedha upande wa kulia na rangi ya fedha nyingine kidogo upande wa kushoto tangu mlango ule ubadilishwe, na kila aliyewahi kushika usukani katika familia hii ana kauli juu yake. Likikohoa alfajiri, kabla chai haijachemka simu zimeshaanza kuingia.

Mwaka jana ugonjwa wake ulikuwa kuchemsha. Mshale wa joto, ambao gari likiwa zima hupanda hadi karibu na katikati ukatulia hapo, ulianza kupanda kwenye foleni ya Kimara. Tukifika Mbezi unashuka. Kesho yake unapanda tena, na foleni yenyewe hakuna. Ukiinama chini ya gari, pakavu, hata tone hulioni. Lakini kila asubuhi rejeta ilidai maji, na mwenye kuongeza maji nilikuwa mimi, kwa kuwa ndimi ninayeamka wa kwanza na madumu yako jikoni kwangu.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Mjomba. Enzi zake aliendesha lori la Leyland kwenda Tunduma, na tangu hapo hajui neno "labda". Alisimuliwa kwa simu, akajibu kabla habari haijafika nusu: "Toeni themostati. Kile kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi." Mjomba haambiwi hapana. Huambiwa "sawa, Mjomba", kisha mtu anakwenda gereji. Themostati ikatolewa, ikaletwa nyumbani imefungwa kwenye gazeti, nami nikaitia kwenye droo ya vijiko kwa sababu sikujua vitu vya namna ile hukaa wapi.

Ni kidude cha shaba chenye springi, kimepigwa chapa ya namba 82. Hizo ni nyuzi za joto. Maji yakifika hapo, chenyewe hufunguka na kuyaruhusu yaende kupoozwa kwenye rejeta. Kabla ya hapo hujifunga ili injini ipate joto lake upesi. Ukikitoa, injini hukawia kupata joto, kontroli boksi hudhani gari ndiyo kwanza limeamka, nalo huendelea kumwaga petroli. Mafuta ya kwenda kazini na kurudi yakawa ya kwenda tu. Kuchemsha kwa asubuhi kulipungua kweli, kukahamia jioni, na Mjomba akauhesabu huo kuwa ushindi.

Akafuata jirani, dereva wa teksi wa siku nyingi. Yeye alisikiliza injini akiwa ameshika kiuno, akatangaza kwamba feni inachelewa kuwaka. Alikata nyaya, akaunganisha dairekti. Tangu siku hiyo ukigeuza ufunguo tu feni inaunguruma, iwe alfajiri yenye umande au mvua ya masika. Watoto wakawa wanajua baba amerudi angali kule kwenye kona ya duka. Betri, ambayo haikuwa na kesi na mtu, ikaanza kulegea.

Shemeji yetu wa Maskati alituma sauti yake, nyuma yake kiyoyozi kinavuma. "Nyinyi bado mnatia maji matupu? Huku kiangazi joto linapita nyuzi 40, na hakuna anayethubutu. Tieni kulanti." Alisema kweli. Kulanti huchelewa kuchemka kuliko maji, na huzuia kutu ndani ya injini. Tukanunua galoni, ya kijani. Ila rejeta iliendelea kudai, nami niliendelea kuongeza maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Kila asubuhi kijani kilififia, hadi ikabaki rangi ya kutu.

Mama mkwe yeye hakutangaza kitu. Siku ya samaki wa kupaka nikafungua kopo la manjano nikalikuta tupu, na chini ya boneti nikaona njano imetapakaa kwenye mdomo wa rejeta. "Kuna tundu dogo halionekani," aliniambia, "manjano yatalitafuta." Dawa hiyo ni ya zamani na si upuuzi. Unga laini husombwa na maji hadi penye ufa, hujikusanya pale na kuziba. Tatizo ni kwamba gari letu halikuwa na ufa. Manjano yakatafuta pengine pa kuziba, na ndani ya rejeta vijimirija vyembamba haviishi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mambo ya nyumba yetu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiizungumzia Carina. Mjomba alikuwa akilizungumzia Leyland lake, lililoua injini karibu na Mikumi kwa themostati iliyoganda. Jirani alikuwa akiizungumzia teksi yake, iliyounguza gasketi ya hedi siku feni ilipokufa. Mama mkwe alikuwa njiani kwenda Korogwe ndani ya Peugeot 504 ya Mzee, iliyovuja rejeta na manjano yakaifikisha. Kila mmoja alikuwa na marehemu wake, na Carina ilinyweshwa dawa za marehemu wote.

Katika hali hiyo ndipo tulipopeleka posa Iringa.

Shemeji yangu mdogo alikuwa amepata mchumba huko, na ukweni walishataja siku na saa. Mshenga ni Mjomba, nani mwingine? Mjomba alikataa basi. Mshenga kushuka stendi na kifurushi kichwani, alisema, ni kuanza mazungumzo ukiwa umeshindwa. Bwana harusi mtarajiwa, ambaye anaijua Carina, alitangulia kwa basi siku moja kabla. Sisi tukaondoka alfajiri: Baba Watoto kwenye usukani, Mjomba kushoto kwake na kanzu iliyopigwa pasi, nyuma Mzee, Mama mkwe, na mimi nimepakata sinia lenye khanga na barua.

Hadi Morogoro mambo yalikuwa shwari. Mikumi, barabara inapokatiza katikati ya hifadhi, hakuna aliyetazama tembo. Wote tulikuwa tunatazama mshale. Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu vilivyopangwa mafungu mafungu kando ya lami, tukasimama kuongeza maji. Mjomba alikwisha shika mfuniko wa rejeta kwa leso yake. Mzee, ambaye hakuwa amesema neno tangu Chalinze, akamshika mkono.

"Ngoja ipoe. Mvuke hauheshimu kanzu."

Tukangoja, tukajaza, tukaongeza na madumu ya akiba. Kisha ukaja Mlima Kitonga.

Asiyeujua aulize dereva yeyote wa njia ya Iringa. Barabara inajipinda juu ya genge, mteremko uko upande mmoja na ukuta wa mwamba upande mwingine, na mbele yako kuna lori la mzigo linalopanda kwa gia ya kwanza na halina haraka. Huwezi kulipita, huwezi kusimama. Hewa haiingii kwenye rejeta kwa sababu gari linatambaa, na injini inafanya kazi kuliko siku zote. Mshale ukaanza safari yake.

"Zima gari," akasema Mjomba.

"Hapa, Mjomba? Kwenye kona?"

"Washeni hita," akasema Mzee.

Mjomba alicheka. Lakini hita ya gari ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji yale yale ya moto ya injini hupita humo, na feni ya ndani huyapuliza joto lake kwenu abiria. Ukiifungua yote umeipa injini pa kupumulia pengine. Baba Watoto akafungua yote. Joto likatuvaa. Tukateremsha vioo, upepo wa bonde ukaingia nao ukiwa wa moto, kanzu ya Mjomba ikamganda mgongoni, Mama mkwe akafungua mtandio akaanza kuwapungia wazee kwa barua ya posa. Nikamnyang'anya kwa adabu. Mshale ukasita, ukashuka kiasi cha unene wa kucha. Mzee akatazama nje ya dirisha.

Tulifika juu, na huko juu ndiko lilikochemka kabisa. Mvuke ulitoka pande zote za boneti. Mjomba akaruka na dumu aimwagie injini maji baridi, na kwa mara nyingine Mzee akamzuia. Injini ile ya 5A bloku yake ni chuma, hedi yake ni aluminiamu. Ukiipoza ghafla hedi hupinda, na hapo huzungumzii tena maji, unazungumzia kufungua injini. Tukakaa chini ya mti. Simu ikaita: bwana harusi. "Kaka, mko wapi? Wazee wameshakaa."

"Tunaingia mjini sasa hivi," akajibu Baba Watoto, na Ilula hatujaiona.

Tulipojikokota hadi Ipogolo tukaonyeshwa fundi, mtu mzima mwenye ovaroli iliyokolea oili. Akatuamkia "Kamwene", akafungua boneti, wala hakushika spana. Mjomba alianza kumweleza kuhusu themostati. Fundi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Nyumbani, nani anaongeza maji?"

Wakatazamana. Nikasema ni mimi.

"Asubuhi, mama, ile chupa ya plastiki ya pembeni unaikuta vipi?"

"Imejaa."

"Na rejeta?"

"Tupu."

Akatikisa kichwa, akachukua mfuniko wa rejeta akaugeuza juu chini kwenye kiganja. Mpira wake ulikuwa umechanika ukingoni na kukauka. Springi aliibonyeza kwa kidole gumba ikaingia bila kubisha. Juu yake, chini ya uchafu, palisomeka 0.9.

Alivyoeleza ni hivi. Mfuniko ule hubana maji kwa presha, na kwa presha hiyo maji hayachemki hadi yakaribie nyuzi 118. Ukilegea, maji yanachemka kwenye 100 tu, nayo yakichemka yanakimbilia chupa ya pembeni, na chupa ikijaa yanamwagika barabarani gari likiwa linakwenda. Ndiyo maana nyumbani palikuwa pakavu. Gari likipoa, valvu ndogo ya mfuniko huo huo inapaswa kuyafungulia njia maji ya chupa yavutwe kurudi. Imekufa, basi yanabaki huko. "Na huku kwetu ni juu, mita 1,500 na ushei. Maji yanachemka mapema, nyuzi 95 hivi. Ukija huku na mfuniko mbovu, lazima ulale njiani."

Mama mkwe akapiga makofi. "Kumbe! Ndiyo maana mdogo wangu aliyeolewa Mafinga kila siku analia maharage hayaivi!"

Ndivyo hasa, fundi akasema. Maji yanachemka mapema lakini hayana moto wa kutosha, na maharage yanajua hilo. Tangu siku hiyo Mama mkwe ni mtaalamu wa mifuniko, na hakuna gari la ndugu linaloingia uani kwetu bila kukaguliwa.

Mjomba alivuta ndevu. "Mimi nilikuwa nakaribia kusema mfuniko," akasema.

Mfuniko mpya ulikuwa elfu kumi na mbili. Fundi alitupa na masharti: themostati irudi, nyaya za feni zirudi zilivyokuwa, rejeta ifunguliwe isafishwe, na safari nyingine gari likiugua waanze na kitu cha bei ndogo kabla ya kukata chochote. Alipofungulia maji ya zamani yakatoka ya njano. Alitutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyejibu.

Ukweni tulitozwa faini ya kuchelewa, elfu hamsini, kabla hata ya kukaribishwa mkekani. Mjomba, kwa kuwa ni mshenga kweli, hakuomba msamaha. Alisimama akaeleza presha, mwinuko na maharage kwa ufasaha ambao fundi mwenyewe hakuwa nao. Baba wa binti akamkatiza. Yeye ana Corolla inayomsumbua jambo hilo hilo. Alikwisha badilisha pampu ya maji kwa ushauri wa shemeji yake, ambaye naye alikuwepo, na akaanza kujitetea. Wazee wa pande zote mbili wakatoka nje kutazama. Kwa muda mrefu posa ilijadiliwa na vichwa vikiwa ndani ya boneti mbili, na waliporudi mkekani faini ilikuwa imeshuka hadi elfu ishirini na mahari imekubaliwa.

Tuliporudi Dar nikaitoa themostati kwenye droo ya vijiko, ikafungwa na gasketi mpya. Mshale ukarudi mahali pake. Petroli ikarudi kutosha. Nami nikapitisha sheria, Baba Watoto akaiunga mkono akiwa nyuma ya mlango: kuanzia sasa, anayeshauri juu ya gari hili achangie gharama ya ushauri wake.

Ukoo ulinyamaza. Jirani alipita akatazama boneti, akameza mate, akaenda zake. Shemeji wa Maskati akatuma salamu tupu. Nikadhani tumepona, hadi juzi simu ya Baba Watoto ilipolia: elfu tano kutoka kwa Mjomba, na ujumbe chini yake. Anasikia tumekaribia kilomita za kubadilisha taiming belti. Hiyo ni sehemu ya mchango wake. Maoni yake atakuja kuyatoa mwenyewe Jumamosi, na tusifungue kitu kabla hajafika.