Nati Nne na Mfuniko wa Shangazi

Mimi ni mtu wa heshima, na heshima hiyo nusura initupe mtaroni. Nimelelewa nikiamini kwamba kumkagua mtu kazi yake mbele ya macho yake ni kumvua nguo. Ndiyo maana Ijumaa ile, katika gereji moja ya Dar es Salaam, fundi aliponiambia, "Tayari bosi, tembea," nilimshukuru, nikamlipa matairi yangu manne mapya, nikaongeza na hela ya soda.

Na nilimwona wazi akifunga gurudumu la mwisho. Spana mkononi, simu kaibana kwa bega. "Niko Ubungo hapa, dakika tano nimefika!" alimwambia mteja wake, ilhali amechuchumaa ubavuni mwa gari langu huku Kariakoo. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Sikujua kwamba wateja waliokuwa wakidanganywa pale walikuwa wawili. Akashusha jeki, akabandika wilikapu, akaipiga kwa kiganja, paa! Ikang'aa. Nani angemfunua bibi harusi shela barabarani?

Kesho yake alfajiri tukaanza safari ya Morogoro, mimi na Shangazi, kwenda harusini. Shangazi hasafiri mikono mitupu: kwenye buti aliweka sufuria tatu za pilau, mifuniko yake, na mwiko mrefu kama kasia. Tulipofika Kimara nikasikia ko, ko, ko. Nikasimama pembeni, nikayapiga matairi teke moja moja, ukaguzi ambao hufanywa na wanaume wote tusiojua magari. Kisha nikafungua buti. Mfuniko mmoja ulikuwa umechomoka, unagonga sufuria. Tukaufunga kwa kanga.

"Ulikuwa unataka kumsingizia fundi wa watu, mwanangu," Shangazi akasema. Nikaona haya.

Tulipoiacha Kibaha, sauti ikarudi. Nikiongeza mwendo, nayo inaongeza, nikipunguza, inapunguza. Mfuniko gani huo unaofuata mshale wa spidi? Sikujiuliza. Aibu ya Kimara ilikuwa bado ya moto. Nikaongeza sauti ya redio, na tatizo likaisha.

Mara kijana wa bodaboda akaja sambamba nasi, anapiga kelele na kuonyesha kidole chini. Upepo ukayala maneno yake.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema gari linapendeza," Shangazi akajibu.

Nikampungia mkono kwa unyenyekevu. Kijana akatutazama kama anayetazama jeneza linalojiendesha, akatupita.

Aliyetuokoa ni trafiki. Karibu na Mlandizi alinyoosha mkono, nami nikatoa leseni na ile sura yangu ya yatima. Hakuitaka hata moja. "Mzee, gurudumu lako la nyuma linacheza. Shuka uone."

Nikang'oa wilikapu. Nati ya kwanza ilizunguka kwa vidole viwili, kama kizibo cha chupa ya maji. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa inajitahidi peke yake. Ya nne haikuwepo. Miguu yangu nayo ikalegea nati.

Mtu wa pancha wa jirani alikuja na spana ya msalaba na nati moja ya akiba, akatoa darasa ambalo hata chuo kisingenipa. Nati hukazwa kwa kuvukana, aliniambia: hii, kisha ya upande wa pili, ili rimu ikae sawa. Gari likiwa juu ya jeki unazishikiza tu. Kukaza kwenyewe ni baada ya tairi kugusa ardhi. "Huyo wako alizishikiza, akasahau kurudi." Nikaikumbuka ile simu ya Ubungo. Na hata zikikazwa vizuri, akaendelea, ukishatembea kilomita 50 hadi 100 simama uzijaribu tena, maana hujipanga na kulegea.

Kisha akapangusa ubavu wa tairi kwa kitambaa, akanisomea tarakimu nne: 3513. Wiki ya 35, mwaka 2013. Binti yangu alizaliwa mwaka huo, na sasa yuko sekondari. Tairi "jipya" lina umri wa mwanafunzi! Nilitaka kukasirika, lakini tarakimu zilikuwa pale pale tangu gereji, nje, kwa maandishi ya kusomeka. Tuliambiwa kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, nikajiita mstaarabu.

Harusini tulifika, na pilau ikaliwa. Jumapili Shangazi akakataa katakata kurudi na mimi, akasema atapanda basi. Nikamsindikiza stendi ya Msamvu. Abiria wote wakaketi, injini ikanguruma, Shangazi haonekani. Nikamkuta nyuma ya basi, kainama, anagonga nati moja moja kwa ule mwiko wa pilau na kutega sikio.

"Mama, panda twende, tunachelewa!" konda akaita.

"Nyamaza, baba," akajibu bila kugeuka. "Umenipoteza hesabu. Naanza upya."