Muhogo wa Baridi

Katika nyumba yetu ya Ottawa bangi haikuwahi kuleta ugomvi. Ugomvi uliletwa na muhogo.

Bangi ilikuwepo kwa ruhusa. Kanada iliihalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, na hapa Ontario kila nyumba inaruhusiwa miche minne, wakae humo watu wazima wawili au kumi. Mume wangu, Baba Salma, alinunua hema jeusi lenye zipu, taa zake, na feni yenye chujio la mkaa la kumeza harufu, akavisimika besmenti kando ya friza la samaki. Mbegu aliyoichagua ni chotara iitwayo Skunk Namba 1, iliyozalishwa California miaka ya 1970 kwa kuchanganya damu ya bangi za Afghanistan, Meksiko na Kolombia.

Mimi sivuti, ila kusema kweli mavuno ya kwanza yalimfaa. Aliyakausha maua, akayafungia kwenye chupa za kioo mpaka ukali wa harufu ukatulia. Jumamosi jioni akawa anatoka na msokoto mmoja mwembamba, anakaa kwenye ngazi za uani na taarabu ya zamani masikioni, kisha anarudi ndani kuosha vyombo bila kuombwa. Mke gani angelalamika?

Kisha Mama akaja kutoka Muheza.

Mama mkwe wangu ni mkulima wa muhogo tangu ujana wake. Bangi kwake ni mambo ya wahuni na polisi, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya iko upande wake. Tulimwandalia chumba cha besmenti, kwa kuwa ndicho chenye choo chake. Kabla hata hajafungua mzigo, alishavuta zipu ya hema.

"Baba, huu mti gani?"

Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akatazama yale majani yaliyogawanyika kama vidole, akajibu: "Muhogo, Mama."

"Mbona majani yana meno?"

"Ni wa baridi."

Mama akaitikia kwa "Haya" ndefu. Nikajua hakuridhika.

Sasa, mmea huu una tabia zake. Ukimulikwa kwa saa 18 kila siku, unaongeza majani na matawi tu. Ukitaka utoe maua, unaupa saa 12 za mwanga na saa 12 za giza lisilokatizwa. Baba Salma alikuwa na zamu ya usiku ghalani, akategesha taa za hema zizime magharibi na ziwake asubuhi. Lakini Mama huamka usiku wa manane kuswali tahajudi, na roho ya mkulima haikumruhusu kupita pale kimya.

"Mmea gani unafungiwa gizani kama mwari?" akanung'unika. Kila usiku akawa anafungua zipu, anawasha taa ya chumba, anaiacha miche "ipate nuru" mpaka alfajiri, kisha anafunga taratibu. Kwake ilikuwa sadaka.

Bangi ina jike na dume, na maua yanayotafutwa ni ya jike ambaye hajachavushwa. Jike akikatiziwa giza mara kwa mara, huweza kuvurugika akaota viungo vya kiume, vidogo, vya njano, ambavyo wakulima wa huku huviita ndizi. Hapo hujichavusha mwenyewe na kuwachavusha wenzake, na nguvu iliyokuwa iende kwenye utomvu huishia kwenye mbegu.

Siku moja mezani Mama akasema, akimega ugali: "Muhogo wenu unatoa vindizi."

Baba Salma aliacha tonge kwenye mchuzi akashuka ngazi mbio. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka. Lakini angemgombeza mama yake kwa kosa gani? Muhogo haudhuriki kwa taa.

Alivuna hivyo hivyo. Msokoto wa kwanza ukawa unalia pa! pa! mbegu zikipasuka kwa moto, na cheche moja ikamtoboa msuli. Mama naye alikuwa na neema yake. Kila asubuhi alifagia chini ya matawi yaliyoning'inizwa yakauke, akazikusanya mbegu zilizodondoka, akazifunga kwenye pindo la khanga.

Tulizigundua tukipima begi lake la safari. Khanga ilifunguka, mbegu zikamwagika sakafuni.

"Sisi tunapanda vijiti," Mama akasema kwa fahari, "huu unatoa mbegu! Nimeshamtumia ujumbe wa sauti shekhe wa mtaa, nimemwahidi kibaba kizima. Nusu ya shamba nang'oa, napanda huu wa baridi."

Baba Salma akakaa chini. Kwa sheria ya Kanada mbegu inayoweza kuota ni bangi, na kila moja huhesabiwa sawa na gramu moja ya bangi kavu, wakati mtu haruhusiwi kubeba zaidi ya gramu 30 hadharani. Kuitoa nje ya nchi bila kibali kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14. Na huko Mama alikokuwa anakwenda, asingekuta nafuu.

Akakiri yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo usiku wote ule nilikuwa namulikia bangi?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Bangi siipendi, lakini serikali ya hapa imekupa ruhusa. Muhogo nani alikuruhusu? Ungenifunga mimi, mwanangu."

Akaagiza maji ya moto. Mbegu zikachemshwa hadi ya mwisho, kwa kuwa iliyokufa haihesabiwi tena kuwa bangi, kisha akawamwagia ndege wa uani. Shekhe akatumiwa ujumbe mwingine: muhogo wa Kanada umeoza.

Wewe uliye ughaibuni na miche yako halali, mzazi akija mweleze ukweli kabla hajafungua begi, na siku ya kuondoka mpekue kwa adabu. Ruhusa ya Kanada inaishia uwanja wa ndege.