Uainishaji wa Awali wa Namna za Kumuuliza Profesa Habari za Posho

Wabobezi wa somo hili, ambao wote hulala bweni moja, wanakubaliana kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania hamuulizi profesa kuhusu malipo ya kukusanya data. Anamnyemelea.

Aina iliyoenea zaidi ni Swali la Nauli: "Shikamoo Prof. Samahani, kesho Kisarawe tunajitegemea usafiri?" Tazama ufundi wake. Shikamoo imetangulia, samahani imefuata, pesa haikutajwa popote, ila "tunajitegemea" imebeba mzigo wote. Jibu lake ni "Tutaangalia", kitenzi cha wakati ujao ambacho hubaki huko huko.

Swali la Wenzangu ni ndugu yake wa karibu: "Prof, wenzangu walikuwa wanauliza..." Wenzangu hao hawajawahi kuonekana na mtafiti yeyote.

Aina zote mbili hufuata msimu wa bumu, yaani mkopo wa wanafunzi. Mkopo ukiingia hupungua, ukichelewa huzagaa. Pesa ya kujikimu ya mkopo huo ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na anayedodosa kaya juani tangu asubuhi anajua kulinganisha. Hapo profesa hutoa hoja yake kongwe: "Hii kazi itakujenga." Huenda ni kweli, ingawa mama ntilie hapokei uzoefu.

Swali Kavu ("Tunalipwa shilingi ngapi, na lini?") ni adimu. Hupatikana zaidi kwa waliokuwa makarani wa Sensa ya 2022, watu walioshika kishikwambi cha serikali na kuzoea kazi yenye malipo. Profesa akikutana nalo huvua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Tukiacha tasnifu ya mwanafunzi mwenyewe, ambayo haina posho kwa mtu, mradi wenye mfadhili huwa na andiko, andiko huwa na bajeti, na humo kwa kawaida wasaidizi wa utafiti wana mstari wao: idadi, siku, kiwango. Yaani jibu lilishaandikwa, likapitishwa, kabla mwanafunzi hajapiga hodi.

Ndiyo maana wachunguzi wanapendekeza aina mpya, Swali la Andiko: "Prof, kwenye bajeti wasaidizi tumewekewa siku ngapi?" Lina adabu zote, pesa haijatajwa, na "tutaangalia" hailitoshi, kwa kuwa cha kuangalia kiko kwenye kompyuta yake.