Jinsi ya Kuivuka Wiki ya Dabi Ukiwa na Koo Zima

Mechi ya Simba na Yanga huchezwa dakika 90. Maneno yake huanza wiki nzima kabla, na ukiyafuata yote, siku yenyewe itakukuta umechoka kama uliyecheza. Naipenda dabi hii, na kwa sababu naipenda inaniuma kuona inavyomalizwa kwa midomo kabla mpira haujawekwa kati. Mwongozo huu ni wa shabiki mwenzangu anayetaka kufika siku ya mechi akiwa bado na hamu.

Anza na redio. Jumatatu asubuhi wachambuzi watabishana nani ataanza beki ya kushoto. Jumanne mwingine atawajibu wale wa Jumatatu. Jumatano atapigiwa simu msemaji wa klabu, atatamba weee, na Alhamisi atapigiwa wa upande wa pili ajibu tambo. Ijumaa chanzo cha kuaminika kutoka kambini kitasema yule beki ana maumivu ya nyonga. Kisha, karibu saa moja kabla ya mechi, kikosi hutoka, na hoja za siku tano hufutika bila mtu kurudi hewani kuzieleza. Sikiliza siku moja tu, Ijumaa, hutakosa kitu. Kwenye daladala redio ni ya dereva, basi wahi siti ya dirishani utazame njia.

Utani wenyewe usiuchukie. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na tangu hapo tumekuwa na nyumba ambazo baba ni wa Jangwani kwa Yanga, mama ni wa Msimbazi kwa Simba, na ugali unaliwa sahani moja. Kama wewe ni Simba, shemeji anayekutumia matokeo ya 5-1 ya Yanga ya tarehe 5 Novemba 2023 anakupenda. Mkumbushe 6-0 ya Simba ya mwaka 1977, mcheke, maisha yaendelee. Huyo anakujua kwa jina. Tambo za kwenye skrini hazikujui, na angalia kinachofuata baada yake: tangazo la kubeti. Hapo sizunguki. Wiki hiyo usisuke mkeka. Kijana aliyemeza uchambuzi tangu Jumatatu anaamini ana siri ya kambi, anatoa hela ya kodi, na mkeka unachanika hata jasho la wachezaji halijatoka. Waliomjaza matumaini hawatamlipia chumba.

Kama unadhani kelele hizi zinategemea mpira, shika tarehe mbili. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ilisogezwa siku hiyohiyo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga walisimamia kanuni inayotaka taarifa ya mabadiliko itolewe saa 24 kabla, wakakataa saa mpya, na dabi haikuchezwa. Tarehe 8 Machi 2025 ikawa zamu ya Simba: walisema walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi siku yenyewe ya mchezo. Watu walikuwa wameshapanda mabasi kutoka mikoani, jezi mwilini, nauli imekwenda. Wao ndio waliopoteza. Vipindi havikupoteza hata dakika moja. Vilipata chakula cha miezi, kanuni ikisomwa asubuhi na kusomwa tena jioni. Ile ya 2021 ilichezwa 3 Julai, Yanga wakashinda 1-0. Ile ya 2025 ilisubiri hadi 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa.

Kwa hiyo ukisafiri kwa ajili ya dabi, ipe safari yako sababu ya pili. Nenda ukamwone shangazi Temeke, au nunua ile bidhaa ya duka Kariakoo uliyoiahirisha. Mechi ikiota mbawa, nauli yako haitakuwa imeliwa yote.

Siku ya mechi usiwahi kibanda umiza. Matangazo huanza mapema mno, na kwa muda mrefu utaonyeshwa basi. Basi linakata kona, basi linaingia getini, wachezaji wanashuka na hedifoni masikioni bila kusema neno, na mtangazaji anakusomea nyuso zao. Fika dakika kumi kabla. Mpira ukianza, acha kuufuata peke yake. Chagua kiungo mkabaji, yule ambaye hakuna aliyemtaja wiki nzima, umtazame kwa dakika kumi: anavyogeuza shingo kabla ya kupokea pasi, anavyoziba nafasi ya beki aliyepanda, anavyonyoosha mkono kumpanga mwenzake. Dabi nyingi huamuliwa katikati hapo, kwenye msongamano, na ukishaona kazi ile utajua umeona mechi.

Filimbi ya mwisho ikilia, simama uondoke. Bao la utata litarudiwa mpaka Alhamisi, utalikuta.

Na hamu iliyobaki ipeleke kwa dabi isiyopigiwa tarumbeta. Simba Queens na Yanga Princess, timu za wanawake za klabu hizi, nao hukutana. Simba Queens walichukua ubingwa wa CECAFA 2022, wakaenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake na kumaliza nafasi ya nne. Siku za mechi zao hutasikia msemaji akipigiwa simu alfajiri wala hutaona kamera ikifukuza basi, na hilo ni kosa la wanaopanga habari, kwa sababu mpira upo. Tafuta ratiba yao mapema, waulize klabu wenyewe ikibidi, na umchukue yule binti wa mtaani kwenu anayecheza na wavulana jioni.