Sifa za Buti Isiyopinda

Wapo waliosifu watawala, wapo waliosifu wachumba, na taarabu imewasifu hata waume za watu. Buti ngumu bado haijapata wa kuisifu. Leo nasimama mimi, na nasimama kwa taabu kidogo, maana kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kilipoteza ukucha katika kuitumikia, na ukucha uliorudi umeota upande.

Sizungumzii buti ya mgambo wala gambuti ya mvua. Nazungumzia buti ya mlimani, ya ngozi nene kama kiti cha lori, iliyoshonwa kwa ajili ya wawindaji wa Milima ya Alps wanaomfuata mbuzi mwitu kwenye majabali. Ndani ya soli yake kuna bamba gumu, ili mwindaji aweze kusimama kwa ncha ya kiatu juu ya ukingo wa jiwe usiozidi upana wa kipande cha mkate, mgongoni kabeba nyama. Shingo yake inapita kifundo cha mguu. Ukiigonga kwa kidole, inaitika kama mlango.

Mimi sijawahi kuwinda hata panya. Nilikuwa mpagazi Kilimanjaro, mmoja wa wale tunaoitwa wagumu, misimu mitatu kabla sijapata kazi ya kukalia kiti. Buti zilinijia kama heshima. Mgeni wetu mmoja, Mjerumani aliyekuwa mwindaji kwao, tulipofika lango la Mweka siku ya mwisho na kumaliza kuimba na kucheza kama ilivyo ada, alizivua, akazifunga kamba pamoja, akanivisha shingoni kama medali. Wenzangu wakapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa, kwa unyenyekevu na kwa uzito: pea moja ilikaribia kilo mbili.

Zake zilikuwa namba 43, mimi navaa 42. Mtu asiyejua atasema basi zitampwaya. Zilinipwaya kweli, kisigino kiliogelea. Lakini upande wa mbele kidole kidogo kilikabwa koo. Kupwaya na kubana kwa pamoja ni jambo ambalo akili inalikataa. Buti ililiweza siku ya kwanza.

Sasa nianze sifa, na sifa kubwa ya buti hii ni msimamo.

Tunaishi katikati ya vitu vinavyopinda. Bei ya nyanya inapinda ukikunja uso. Saa tatu ya mkutano inapinda mpaka saa tano. Fundi akisema kesho, kesho hiyo ina mabawa. Katika dunia ya namna hiyo, Mwenyezi Mungu akaruhusu kiwepo kitu kimoja kisichobembelezeka. Nilijaribu kuihonga. Nikaipaka mafuta ya mgando kopo zima; ikayanywa yote na haikusema asante. Nikaijaza mahindi mabichi yaliyolowekwa, maana jirani aliniapia kwamba yakivimba usiku yatatanua ngozi. Asubuhi nikapata buti ileile na mahindi yaliyoshindwa. Nikamwazima binamu yangu mwenye miguu kama mitumbwi aende nazo kanisani. Alirudi kabla ya sadaka, kazishika mkononi. Mwisho nikampelekea fundi viatu mjini Moshi, mzee mwenye nyundo na uzoefu wa miaka. Akaishika, akaikunja, haikukunjika. Akaigeuza, akaisogelea na jicho, akanirudishia.

"Mdogo wangu," akasema, "hii haitaki fundi. Inataka wakili."

Mwenyewe Mjerumani alikuwa ameniachia maelekezo, nayo yalitafsiriwa neno kwa neno. Nizivae nyumbani kwanza, jioni jioni, wiki tatu, kwa soksi nene za sufu, nikiwa nimetulia natazama televisheni. Nisizikaushe motoni, ngozi itapasuka. Nihakikishe vidole havigusi mbele nikiteremka. Yalikuwa maelekezo ya haki kabisa. Leo nikimshauri mtu nitamwambia yaleyale, na nitaongeza kwamba kiatu cha mlimani hujaribiwa jioni, mguu ukiwa umevimba. Ila mimi nilikaa chumba kimoja mtaa wa Pasua. Televisheni ilikuwa sebuleni kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakuruhusu mtu kuingia na viatu.

Basi nikazilainisha kazini, kwenye njia ya Machame, na begi la mgeni kichwani.

Hapo ndipo buti inapoonyesha ufundi wake wa kufundisha. Saa ya kwanza msituni haikuambii kitu. Saa ya pili unasikia joto dogo kisigino cha kushoto, kama mtu kakuwekea sarafu iliyotoka juani. Unajiambia ni soksi imejikunja. Unasimama, unaivuta soksi, unaendelea. Sarafu inarudi, safari hii na riba. Kambini usiku nilivua kiatu mbele ya taa ya mpishi na soksi haikutaka kutoka. Ilikuwa imegandana na mwili. Lengelenge lilikuwa na ukubwa wa shilingi mia, na pembeni yake mtoto. Mpishi, mtu wa huruma asiyependa maneno mengi, alichoma sindano kwenye moto wa jiko, akapitisha uzi, akauacha humo maji yachuruzike. Kisha akanipa maji ya chumvi ya uvuguvugu kwenye beseni. Kesho yake nikapanda kambi ya Shira nikiwa na uzi mguuni kama kifungo kilichoshonwa.

Sifa nyingine nitazitaja kwa haraka, maana ni nyingi. Haiibiwi: nimeiacha nje ya milango ya watu mwaka mzima, ndala zikapotea kulia na kushoto, yenyewe ikanisubiri. Inampa mtu haiba: msichana niliyemchumbia wakati ule alisema nimeanza kutembea polepole kama mwenye fedha. Na ina mchango wake katika historia. Luteni Alexander Nyirenda alipofikisha bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni Desemba 1961, mita 5,895 juu ya bahari, taifa zima liliutazama mkono. Huo mkono ulifika kule juu umebebwa na nini?

Lakini sifa ya pekee hujulikana wakati wa kuteremka. Mpagazi kwa kawaida hafiki kileleni; anasubiri kambi ya Barafu, karibu mita 4,600, wageni wakirudi anabomoa hema na kukimbilia chini kwenda Mweka, karibu mita 1,600. Ni kama mita 3,000 za kushuka, kila hatua kidole gumba kikibisha hodi mbele ya kiatu, na buti, kwa ule msimamo wake, haifungui. Hapo ndipo ukucha wangu ulipogeuka zambarau, kisha mweusi, kisha ukajiuzulu.

Niweke tarumbeta chini kidogo, maana kuna jambo sijalisema.

Siku ile niliyovishwa medali, bahasha ya bakhshishi ilikabidhiwa kwa kiongozi wa msafara. Sisi tulizoea kumwita gaidi, neno la Kiingereza lililopita midomoni mwetu likatoka na maana ya ziada. Jioni mjini akagawa. Kila mpagazi akapokea chake. Changu kilikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu. Nikauliza, kwa adabu, nikamwita kaka.

"Wewe si umeshapata buti?" akasema. "Unajua Ulaya zinauzwa shilingi ngapi?"

Nilikuwa sijui. Nilijua kodi ya chumba changu. Nikazipeleka soko la Memorial kwa wauza mitumba, nikidhani nitazigeuza kuwa ile nusu yangu. Wa kwanza akazikunja, wa pili akazikunja, wa tatu akaniuliza kama nimezitoa jela. Kwa hiyo ieleweke kwamba sikuzivaa kwa kuzipenda. Nilivaa mshahara wangu.

Na ningependa kujua, mpaka leo, nani alimpa mtu yule mamlaka ya kukata jasho la mwenzake kwa bei ya duka la Ulaya. Mzigo wetu ulipimwa getini kwa mizani: mwisho kilo 20, ukizidi unapunguzwa, mlinzi wa hifadhi hana mzaha. Ile bahasha haikuwahi kuwekwa kwenye mizani yoyote. Kampuni iliyotuajiri nayo ilikuwa na karatasi nzuri yenye picha ya theluji, iliyowaomba wageni kabla ya safari waje na nguo na viatu walivyovichoka, wawaachie wapagazi kwa moyo wa ukarimu. Karatasi ya kununulia wapagazi viatu haikuwapo. Dereva haambiwi aje na basi lake, wala mwalimu haambiwi asubiri mzazi amwachie chaki. Mpagazi, ambaye kazi yake yote iko chini ya magoti, aliambiwa asubiri Mjerumani.

Mgeni simlaumu. Alitoa kilicho bora alichokuwa nacho, akapanda ndege na ndala. Nawalaumu wale waliosimama kati ya mkono wake na mguu wangu, nao wote walikuwa na neno moja: utazoea. Kiongozi alisema utazoea. Karani wa ofisi, aliyevaa makubadhi, alisema kiatu kitazoea. Nilikaa usiku mmoja kambi ya Karanga nikilichambua neno hilo, miguu nje ya blanketi. Kiswahili hakidanganyi: kama ni kiatu kitakachozoea, basi kianze, kama ni mimi, mbona mnakisingizia kiatu?

Turudi kwenye sifa. Buti zilizoea. Ilichukua misimu miwili, lakini asubuhi moja nilizivaa nikasahau kwamba nimezivaa. Ngozi ilikuwa imejikunja palepale mguu wangu unapojikunjia, kisigino kimepata kitanda, kidole kidogo kimepewa chumba. Nilitembea siku nne kama mtu aliyekabidhiwa miguu mipya. Siku ya tano, chini ya kambi ya Millennium, soli ya kulia ilibanduka. Kumbe kati ya ngozi na soli kuna tabaka la povu la plastiki ambalo huoza kimyakimya kwa umri na unyevu, hata kiatu kikiwa kabatini. La kwangu lilikuwa limeanza kuzeeka Ulaya kabla sijaliona. Likavunjika mkononi kama andazi la juzi. Nikafunga kwa kamba ya hema mpaka Mweka, na yule fundi mzee, safari hii akitabasamu, akanipigia soli ya tairi la lori. Nikawa na katambuga ya Kijerumani. Sijawahi kuvaa kiatu kizuri zaidi.

Msafara wangu wa mwisho tulikuwa wapagazi kumi na wanane. Tulipomaliza kuimba getini, mgeni mmoja, mama mwenye uso wa furaha, alifungua begi akainua juu pea ya buti: ngozi nene, shingo ndefu, hazina hata mkunjo. Akauliza nani kati yetu anavaa namba 43. Kiongozi akatafsiri, kisha akarudia kwa sauti. Tukatazamana, tukatazama mawingu, mmoja akaanza kukohoa. Watu kumi na wanane, na siku hiyo hapakuwa na hata mmoja mwenye miguu.