Mbwa Wangu Hana Ukurutu

Tangu Komandoo anyolewe ubavu wa kushoto, mtaani sina tena jina. Naitwa "yule mwenye mbwa wa ukurutu". Mbwa hana ukurutu, wala mimi sina, lakini waeleze wewe hao wanaopita langoni kwangu kila asubuhi. Hapa Arusha watu hawasalimii siku hizi. Wanachungulia ndani kwanza, wanatikisa kichwa, ndipo wanasema, "Shikamoo mzee, na mbwa naye vipi?"

Kisa chenyewe kifupi. Kuna jike kwa jirani, kuna seng'enge katikati, na Komandoo hajui kusubiri. Seng'enge ikamchana. Kidonda kilikuwa cha inchi mbili hivi, lakini daktari wa mifugo alipowasha mashine yake alianza begani na kuishia karibu na nyonga. Nikamuuliza kama analipwa kwa mita.

Hakucheka. Akasema manyoya yakiingia kwenye kidonda yanaingia na uchafu na vijidudu. Tena waya ukimchana mbwa, ngozi inaweza kuachana na nyama kwa ndani, na kwa nje usione kitu mpaka unyoe. Na nzi akitaga kwenye manyoya yenye usaha, kesho yake una funza. Hilo neno funza ndilo lililonimaliza. Nikamwambia anyoe tu, hata masharubu akitaka.

Akavishwa koni ya plastiki shingoni asilambe nyuzi. Akaivunja kwenye ngazi. Mke wangu akakata kitako cha ndoo ya rangi, akamvisha hiyo, na kwa muda wote huo nyumba nzima ilikuwa ikigongwa miguu kwa ndoo. Lakini nakiri, kidonda chenyewe hakikutusumbua. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na zake zilitolewa kwa wakati. Balaa ni manyoya.

Mimi nilidhani manyoya ya mbwa ni kama nywele za kinyozi: leo umenyoa, mwezi ujao unarudi. Kumbe sivyo. Nywele nyingi za kichwani mwa mtu zinakua muda wote. Za mbwa wengi zinakua kidogo, zikifika urefu wake zinasimama, zinakaa hapo zimepumzika miezi na miezi kabla ya kung'oka na kupisha nyingine. Ukizinyoa zikiwa mapumzikoni, hazishtuki. Zinaendelea na likizo. Mbwa wa manyoya mafupi huhitaji miezi mitatu au minne. Huyu wangu baba yake alikuwa German Shepherd, wa manyoya ya tabaka mbili, na kwa mbwa wa aina hiyo subira inaweza kufika mwaka na zaidi. Poodle ndiye anayeota upesi, maana manyoya yake hayapumziki kama ya wenzake. Lakini nikifuga Poodle, mwizi atambeba pamoja na televisheni.

Siku daktari alipotuhakikishia kwamba yataota, nilivua kofia nikamwonyesha utosi wangu. Nikamuuliza na hapa je? Akajibu kwamba yeye anatibu mifugo.

Sasa wataalamu wa mtaa. Mama mkwe alikuja kutoka Rombo, hata kikapu hajatua, akauliza, "Baba, mmemmwagia maji ya moto?" Jirani wa juu akaleta majivu. Kijana wa bodaboda akashauri mafuta ya taa. Na fundi mmoja, mtu mzima na heshima zake, alikuja na chupa ya oili chafu ya gari, akanihakikishia kwamba ukimpaka mbwa, manyoya yanatoka mazito kuliko mwanzo. Ndugu zangu, mbwa hujilamba. Utakachompaka mgongoni kitakuwa tumboni kabla ya magharibi. Oili hiyo na mafuta ya taa huunguza ngozi kwa nje na kumtia sumu kwa ndani. Unywele unaota kutoka kwenye mzizi ulio ndani ya ngozi, na mzizi haujui kama juu umepaka oili au samli.

Unachojua mzizi ni chakula, na hapo ndipo nilipoanza kuumia. Daktari aliuliza Komandoo anakula nini. Nikajibu kwa fahari: ugali na maji ya dagaa. Akauliza, dagaa wenyewe anakula nani? Unywele, akasema, karibu wote ni protini, na sehemu kubwa ya protini anayokula mbwa inakwenda kwenye ngozi na manyoya. Tangu siku hiyo Komandoo anakula dagaa wazima na yai la kuchemsha. Mimi nakunywa chai ya rangi nikimtazama.

Julai ikafika na baridi yake ya mlimani. Mke wangu akamvisha sweta ya shule ya mtoto, ile yenye nembo kifuani. Ulinzi ukaisha hapo hapo. Mbwa aliyekuwa akibweka mpaka mkusanya taka anaacha mifuko barabarani, sasa anabweka wapita njia wanamuuliza yuko darasa la ngapi. Jua likitoka, sweta inavuliwa, na hapo inabidi nimwite kivulini, kwa sababu ngozi iliyozoea kufunikwa huungua kwa jua upesi. Yeye mwenyewe hana aibu yoyote. Jike la jirani nalo halijalalamika. Anayetafuna kucha ni mimi.

Juzi tumeona vinyoya. Laini, vifupi, na vyeusi kuliko vya zamani, kana kwamba ameazima kwa mbwa mwingine. Daktari anasema rangi hubadilika hivyo, na mara nyingi hurudi manyoya ya zamani yakipukutika. Pale penye kovu lenyewe pataendelea kuwa kipara, au paote nywele nyeupe, kwa kuwa mzizi ukishakufa haufufuki. Na kama mwaka utapita ubavu ungali mtupu, apimwe damu, maana tezi ya shingo ikizembea manyoya hukataa kuota.

Kwa hiyo majirani, nawaomba. Anayetaka kumsaidia Komandoo alete dagaa, lango liko wazi. Mwenye oili chafu airudishe gereji.